Kabla Hujaishusha Kortisoli

Tangu nianze kumeza dawa ya thairoidi, tezi ya shingoni, simu yangu haikosi ushauri. Ndugu, wanachama wenzangu wa chama, hata makondakta ninaofanya nao kazi, wote wanajua jambo moja kuhusu kortisoli, ile homoni inayoitwa ya stresi: iko juu, na inafaa kushushwa. Ukinenepa, ni kortisoli. Ukikosa usingizi, ni kortisoli. Uso ukivimba asubuhi, kuna video ya dakika moja ya kukuonyesha "uso wa kortisoli" na chai ya kuuponya. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama hiyo kortisoli imepimwa. Wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa mtu anayemeza dawa ya thairoidi, kortisoli ya kuogopwa zaidi ni ile iliyo chini.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu limewahi kumlaza mtu wangu hospitalini, na pia kwa sababu riziki yangu inatokana na kukesha. Niko Nakuru, kwenye ofisi ya tiketi na vifurushi ya mabasi ya usiku. Magari ya kutoka Nairobi kwenda Kisumu na Busia hupitia kwetu usiku wa manane, na yale ya kutoka huko hupishana nayo hapo hapo. Abiria wanashuka kutafuta chai na choo, magunia ya omena yanateremshwa na harufu yake inatangulia kuingia ofisini, viazi vya Molo vinapakiwa, mtu anapiga simu akilia kwamba bahasha yake haijafika. Saa kumi na mbili asubuhi, watu wanapofungua maduka, mimi nafunga daftari nikalale. Mwili uliozoeshwa hivyo, huwezi kuupimia kortisoli kwa saa ya mtu mwingine. Nitarudi hapo.

Kwanza tezi zenyewe. Kortisoli hutengenezwa na adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, moja kila upande. Ndiyo inayozuia presha isiporomoke, ndiyo inayohakikisha sukari haiishi damuni ukiwa hujala, na ndiyo inayoubeba mwili wakati wa homa kali, ajali au upasuaji. Kwa mtu anayelala usiku, huanza kupanda kabla ya alfajiri, hufika kileleni karibu na saa ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi kiwango cha chini kabisa karibu saa sita usiku. Kule kupanda kwa asubuhi kunakolaumiwa kwenye video si ugonjwa. Ndiko kunakokutoa kitandani.

Thairoidi nayo iko shingoni. Yangu inashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, maradhi aliyoyaeleza daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Kidonge changu ni levothairoksini, homoni ileile ambayo tezi ingetengeneza kama ingekuwa nzima. Haina haraka: wiki nzima baada ya kuimeza, karibu nusu ya dozi bado iko mwilini. Ndiyo maana ukibadilishiwa dozi leo, daktari hakupimi wiki ijayo, anasubiri wiki sita hadi nane. Na ndiyo maana mtu anayekuambia ameongeza kidonge jana na leo ana nguvu mpya, msikilize kwa adabu tu.

Mkubwa wa tezi hizi zote ni mmoja: pituitari, iliyo chini ya ubongo, isiyozidi ukubwa wa njegere. Hutuma homoni mbili za kuamrisha: TSH kwenda thairoidi kule shingoni na ACTH kwenda adrenali. Kuna hata mwanasayansi mmoja aliyezipitia thairoidi na adrenali zote mbili. Edward Kendall, mkemia wa Mayo Clinic kule Marekani, aliitenga thairoksini, homoni ya thairoidi, siku ya Krismasi mwaka 1914. Baadaye akahamia homoni za adrenali, na mwaka 1950 akatunukiwa Nobel kwa kazi hiyo pamoja na Philip Hench na Tadeus Reichstein. Karne imepita na zaidi, na bado mtu anaweza kuandikiwa dawa ya thairoidi bila kuulizwa lolote kuhusu adrenali.

Mara nyingi hakuna ubaya, kwa sababu watu wengi adrenali zao ni nzima. Ubaya uko kwa wachache. Thairoidi ikiwa chini, mwili mzima unakwenda mwendo wa pole, na hata ile kazi ya ini ya kuondoa kortisoli damuni inafanyika pole. Mwenye adrenali dhaifu anaweza kusukuma siku hivyohivyo, akitegemea kortisoli kidogo inayokawia kuondoka. Sasa mpe levothairoksini. Mwili unachangamka, ini linachapa kazi, kortisoli inaondolewa haraka kuliko awali. Adrenali nzima huongeza tu utengenezaji na mwenyewe hata hajui kwamba kuna kilichotokea. Adrenali dhaifu haziwezi. Kidonge kilichokusudiwa kumwinua mtu kinamwangusha.

Nililiona hili kwa senge yangu, dada yake baba, anayeishi upande wa Kakamega. Magoti yalikuwa yamemtesa miaka, na sokoni alikuwako mtu wa kuuza dawa ya viungo: vidonge vidogo vyeupe ndani ya kibahasha cha kaki, bila jina wala pakiti. Vilimfaa ajabu. Senge alirudi shambani, akawa anakula vizuri, mashavu yakajaa mpaka majirani wakamsifu kwamba amependeza. Ila mapaja na mikono vilizidi kukonda, kuinuka kitini ikawa lazima ashikilie meza, na ngozi ikawa ukiigusa kidogo tu inaacha doa la damu chini yake. Sisi tulisema uzee.

Kisha muuzaji akahama soko. Katika miezi hiyohiyo senge akaenda kupimwa uchovu, TSH ikakutwa juu, yaani thairoidi iko chini, akapewa levothairoksini. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kibahasha cha kaki. Naye hakukitaja, kwa kuwa kwake dawa ni ile ya hospitali.

Nilimpigia simu nikitoka zamu.

"Senge, umeamkaje?"

"Sijaamka, mwanangu. Nikisimama nyumba inazunguka. Hata uji haukai tumboni."

"Ni malaria?"

"Wamepima, hakuna. Ni hii dawa yenu ya shingo. Siitaki."

Kwa kiasi fulani alikuwa sahihi. Binamu yangu alimpeleka hospitali kwa gari la jirani, presha ikiwa chini sana na tumbo linamuuma. Daktari aliyekuwa zamu alimtazama mashavu, akatazama mikono, akauliza swali moja: "Mama amekuwa akimeza dawa gani ya magoti?" Binamu akarudi nyumbani kukileta kibahasha. Daktari akasema vidonge visivyo na jina hawezi kuvitambua kwa macho, lakini uso na ngozi vilimtosha. Akamchoma haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, na kumwekea maji ya chumvi kwa mshipa. Jioni senge aliomba chai, na ikakaa.

Dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni, yaani steroidi, hufanya kazi kama kortisoli. Ukizimeza kwa muda mrefu, pituitari huona kortisoli imejaa, inaacha kutuma ACTH, na adrenali zinalala. Ukizikatiza ghafla, hakuna wa kuziamsha papo hapo. Inaweza kuchukua wiki, miezi, hata zaidi. Ndiyo sababu hupunguzwa kidogo kidogo na daktari, na ndiyo sababu ninakasirika nikiona "deksa" ikiuzwa kwa wasichana wanaotaka kunenepa, au vile vijikopo vya kung'arisha uso ambavyo siri yake ni steroidi kali. Hiyo nayo hupenya ngozi hadi damuni, ikipakwa kwingi na kwa muda.

Si steroidi pekee. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa London, aliandika kuhusu watu waliodhoofika na kufa kwa kuharibika adrenali, na miongoni mwa wagonjwa wake kifua kikuu kilikuwa sababu kubwa. Kwetu kifua kikuu hakijawa historia. Dawa yake, rifampisini, huliharakisha ini kuondoa kortisoli na vilevile levothairoksini, kwa hiyo mgonjwa wa thairoidi anayeanza dawa za TB huenda akahitaji dozi yake iangaliwe upya. Halafu kuna kinga ya mwili: ikishashambulia thairoidi, kwa watu wachache huhamia adrenali pia. Dalili zake huanza polepole: kukonda, kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu, hamu ya chumvi isiyo ya kawaida, ngozi kuwa nyeusi zaidi. Kwa sisi weusi usitazame shavu. Fungua kiganja uangalie mistari, tazama ufizi, tazama kovu jipya. Weusi usiokuwapo mwaka jana ni wa kuonyesha daktari kabla ya kuongezewa dozi ya thairoidi. Wakikuta shida zote mbili, adrenali hutibiwa kwanza, levothairoksini inafuata.

Basi tuje kwa ile inayoitwa stresi, kwa kuwa ndiyo iliyojaza simu yangu.

Ni kweli kortisoli ikiwa nyingi mno hugusa thairoidi. Hupunguza TSH, na hupunguza ule ubadilishaji wa thairoksini kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi. Hilo huonekana wazi kwa mgonjwa mahututi, kwa mtu wa dozi kubwa za steroidi, kwa mwenye uvimbe unaomwaga kortisoli. Karo ya Januari, pamoja na ukali wake wote, haifikishi mtu huko. Uso kuvimba asubuhi kwa mgonjwa wa thairoidi mara nyingi ni thairoidi yenyewe ambayo bado iko chini, na dawa yake tayari iko kwenye kabati.

Kuna upande ambao sisi wagonjwa hatuupendi: dozi iliyozidi hufanana kabisa na stresi. Kuna wakati moyo wangu ulikuwa unakimbia nikiwa nimekaa, mikono inatetemeka nikiandika risiti, usingizi wa mchana haupiti saa mbili, na kila kondakta alinionekea mjinga. Mwenzangu ofisini aliniambia nipunguze mawazo. TSH ilipopimwa ilikuwa imeshuka hadi karibu haionekani, wakati kiwango cha kawaida katika maabara nyingi ni kati ya 0.4 na 4. Uzito wangu ulikuwa umepungua tangu nianzishiwe dawa, na dozi kamili huhesabiwa kwa uzito, takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Dozi ikashushwa. Wiki zilivyopita, mikono ikatulia. Karo ilikuwa ileile, makondakta walewale.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana stresi na anameza dawa ya thairoidi, swali langu la kwanza ni TSH yake ya mwisho ilikuwa ngapi, na ilipimwa lini.

Kortisoli yangu pia ilipimwa. Daktari alitaka kuhakikisha, kwa kuwa nilikuwa nalalamika kuhusu kizunguzungu na nilikuwa nimemsimulia habari ya senge. Kipimo hicho hufanywa karibu saa mbili asubuhi, kwa sababu ndiyo saa ambayo homoni inapaswa kuwa juu. Nilitoka zamu, nikapitia maabara, nikatolewa damu huku macho yanajifunga. Majibu yakaja chini chini, si ya kutisha lakini si ya kupita. Mtaalamu mchanga wa kliniki alikuwa ameshaanza kuandika barua ya rufaa, lakini daktari mkubwa akaniuliza, "Mama, jana ulilala saa ngapi?"

Sikuwa nimelala. Mwili wangu wakati huo ulikuwa unajiandaa kwa usiku wake. Akaniambia nirudi nikiwa kwenye likizo, nikishalala usiku kwa muda wa kutosha na kuamka asubuhi kama watu, tena nisiwe nimepaka wala kumeza chochote chenye steroidi. Akaniuliza pia kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa hivyo huifanya kortisoli ionekane nyingi damuni kuliko inayofanya kazi, na vinaweza kuongeza mahitaji ya levothairoksini. Situmii. Kipimo cha likizo kilikuwa kizuri. Kingekuwa katikati, angenipeleka kwenye kipimo cha kuchomwa ACTH ya kutengenezwa na kutolewa damu baada ya nusu saa na saa moja, kuona kama adrenali zinaitika.

Niliposimulia haya ofisini, mwenzangu wa Bondeni alisema ndiyo sababu yeye hapimwi kitu chochote akitoka zamu, hata presha. Nadhani ni kuzidisha, lakini simlaumu.

Lililobaki ni la kila siku: kidonge kimezwe lini, na kwa nini. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kalisiamu na madini ya chuma huishika tumboni isiingie damuni, ndiyo maana vidonge vyake huachiwa nafasi ya saa nne. Watu husikia "vidonge vya kalisiamu" wakadhani hawahusiki. Wimbi lina kalisiamu nyingi kuliko nafaka karibu zote tunazokula. Omena tunaitafuna na mifupa yake. Ukimeza kidonge kisha ukashushia uji wa wimbi wenye maziwa, usishangae TSH ikipanda na daktari akakuongezea dozi ambayo hukuihitaji. Kahawa vilevile huipunguza, na juu ya hilo huichochea kortisoli, hasa kwa asiyeizoea. Sukuma wiki, inayosemwa kwamba huizuia thairoidi, inaonewa bure. Ikishapikwa, na ukiwa unameza homoni tayari kutoka nje, kula tu na ugali wako.

Mimi nilihamishia kidonge kwenye saa ya kulala. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliomeza wakati wa kulala walipata viwango vizuri kuliko waliomeza asubuhi, na kwa mtu wa zamu hiyo ni nafuu: nikishafunga kazi nakuwa sijala kwa saa tatu na zaidi, nameza, naoga, nalala. Mwenzangu wa Bondeni, ambaye dada yake ana tatizo kama langu, anasema Ramadhani humsumbua kwa sababu futari na daku zinabanana. Kliniki ilimshauri ameze saa tatu baada ya futari, kabla ya kulala, na asiile daku mapema mno. Kila mtu achague saa anayoweza kuishika, kwa kuwa kubadilisha badilisha ndiko kunakoharibu.

Na usikiache kidonge kwenye dashibodi. Nakuru kuna ubaridi, lakini madereva wetu hushinda Kisumu mchana gari likiwa tanuri, na levothairoksini haipendi joto, mwanga wala unyevu. Inataka isizidi nyuzi 25.

Kuhusu zile chupa za "kusaidia adrenali": hoja ya wanaoziuza ni kwamba adrenali zako zimechoka. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakupata ushahidi wake. Kibaya zaidi, uchunguzi wa mwaka 2018 kule Marekani ulipima aina 12 za virutubisho hivyo, ukakuta homoni ya thairoidi katika zote, na steroidi katika zaidi ya nusu. Yaani unaweza kununua kibahasha cha kaki cha senge kikiwa kwenye chupa yenye picha ya jani. Ashwaganda, mmea wa dawa kutoka India, nayo inaweza kupandisha homoni za thairoidi. Na ikiwa unameza biotini, ile vitamini ya kuuzwa kwa ajili ya nywele, iache angalau siku mbili kabla ya kipimo, kwa sababu katika mashine nyingi huifanya TSH isomeke chini kuliko ilivyo.

Mwisho wa siku, kilichonisaidia hakikuuzwa popote. Nilimwendea meneja nikiwa na barua ya daktari, nikamwomba usiku wangu uwe wa kufuatana badala ya kurushwa mchana huu, usiku ule, mchana tena. Kila unaporushwa, kortisoli haijui iamke lini. Alikataa kwanza, akisema wengine nao watataka. Wakataka kweli. Sasa ratiba imebandikwa ukutani kwa mwezi mzima, dirisha langu la chumbani lina blanketi zito juu ya pazia, kahawa naikata mapema zamuni, na simu nimeifundisha isiite kabla ya saa tisa alasiri isipokuwa ikiwa ni senge. Yeye bado anapunguziwa prednisoloni kidogo kidogo, anameza levothairoksini bila kizunguzungu, na amenunua miwani asome majina ya dawa zake mwenyewe. Magoti bado yanamuuma, na juu ya hilo ananilaumu mimi.